Sukari Yote Iliingia

Sukari haigandishi halua. Ninaanza na sentensi hii kwa sababu kwa miaka mingi watu wazima wa mji wetu wa Kindu, watu wenye akili zao, waliamini kinyume chake, na imani hiyo ilimvunjia mtu heshima. Kinachogandisha halua ni wanga uliokunywa maji. Sukari inaleta utamu, na ikiingia kabla ya wakati wake inauzuia wanga kunywa. Nitaeleza nilivyolijua jambo hili, na jinsi lilivyonifaa kidogo sana siku nilipolijua.

Dada mkubwa wa mama yangu, ambaye ukoo mzima ulimwita mama mkubwa, alikuwa mpishi wa halua katika mtaa wa Mikelenge. Wazee wake walifika Maniema na misafara ya watu wa pwani, na katika vitu walivyoviacha, pamoja na msikiti na kanzu, halua ilikuwamo. Lakini samli ya pwani huku haikuwapo, basi yeye alitumia mafuta ya karanga, na wanga aliutoa katika mihogo. Mihogo mitamu ilivushwa kwa mitumbwi kutoka Alunguli, ng’ambo ya mto. Aliiparuza kwenye bati lililotobolewa kwa misumari, akaiosha, akaikamua kwa kitambaa, kisha akayaacha maji yake yatulie katika beseni mpaka asubuhi. Asubuhi alimwaga maji ya juu polepole, na chini palikuwa na unga mweupe uliokaza, ambao ukiugonga kwa kijiko unalia kama chokaa.

Kupika kwake kulikuwa na kanuni moja. Wanga unywe kwanza. Aliisema kanuni hiyo kila mara alipoweka sufuria jikoni, hata kama hapakuwa na wa kumsikia. Aliukoroga wanga katika maji baridi mengi, akawasha moto, na mwiko haukusimama. Kwa muda mrefu ulionekana kama maziwa tu. Halafu, ghafla, mkono ulihisi uzito. Maziwa yakawa uji, uji ukaanza kupoteza weupe wake, na mwishoni ukawa kama kioo, mtu akiinua mwiko anaona moto upande wa pili. Hapo ndipo mama mkubwa alipofungua sukari, akaitia kikombe kimoja, akangoja, akatia kingine. Kisha mafuta, kisha iliki kama ilipatikana, na tena mwiko, saa nzima na zaidi.

Mwiko huo ulikuwa kazi yangu. Nilikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mtunza stoo kwenye depo ya reli, mwenye madarasa sita ya shule na mikono yenye nguvu. Kwa kila harusi na kila Idi nilikwenda kwake kukoroga. Sikuuliza kwa nini wanga unywe kwanza. Nilikuwa najifunza Kifaransa na hesabu peke yangu kila jioni, nikajiona mtu wa elimu, na bado kitu kilichokuwa kikigeuka mbele ya macho yangu sikuwahi kukiuliza swali.

Hiyo ilikuwa miaka ya chama kimoja, ambapo tuliambiwa kwamba hakuna bwana wala bibi tena, sote ni sitwayeni, raia tu, na mwanamume asiye na abakosti, lile koti la chama lisilo na tai, alionekana kama hana nguo. Sukari ilikuwa adimu. Ilifika kwa treni, ikaonekana siku mbili, ikapotea. Siku moja ofisi ya zone, yaani serikali ya wilaya yetu, ilipata habari kwamba mgeni mkubwa anakuja kwa ndege kutoka mji mkuu. Komisera wa zone wa wakati ule alitaka mgeni aonjeshwe kitu ambacho hawezi kukipata penginepo, na mtu fulani akamtajia halua ya mama mkubwa.

Ofisi ilituma mfuko wa sukari. Pamoja na mfuko ilimtuma mtu wa kuulinda.

Alikuwa kijana wa chama, mwenye abakosti ya rangi ya udongo na beji kifuani, na ninakiri hakuwa mtu mbaya wa tabia. Alisalimia vizuri. Alikubali kiti na maji ya kunywa. Lakini alikuwa ameambiwa jambo moja: sukari isipungue hata kijiko, na yeye aone kwa macho yake ikiingia sufuriani. Aliuweka mfuko katikati ya miguu yake. Mama mkubwa alipokwisha kukoroga wanga katika maji baridi, kabla ya sufuria kupata moto, kijana yule alisimama na mfuko.

Mama mkubwa alimwambia akae, sukari bado.

“Mama, mimi nilitumwa kuona inaingia,” alisema. “Nikikaa hapa saa mbili na mfuko uko wazi, kesho watasema nililamba.”

“Wanga unywe kwanza, baba. Wanga ukisha kunywa, njo sukari inafuata.”

“Unywe nini? Maji yako humo. Na sukari iko hapa. Yote itakutana tumboni.”

Alicheka, na mimi, niseme ukweli wote, nilicheka naye kidogo. Mama mkubwa hakucheka. Alimsihi mara ya pili, akamwambia kwamba amepika halua tangu kijana huyo hajazaliwa. Yule akajibu kwa heshima kwamba hapingani na upishi wake, anatii amri tu. Akaumimina mfuko wote kwa mara moja, akaukung’uta, akaugeuza ndani nje ili tuone kwamba hakuna kilichobaki. Nilikuwa nimeshika mwiko. Niliona. Kama kuna jambo moja duniani ninaloweza kuliapia, ni kwamba sukari ile yote iliingia.

Tulikoroga. Sukari iliyeyuka, maji yakawa mazito kama asali nyepesi, lakini uzito ule wa ghafla niliouzoea mkononi haukuja. Maziwa yalibaki maziwa. Mama mkubwa alitaka kuongeza maji, kijana akakataa: halua ya serikali haitapunguzwa kwa maji, na mgeni ameshatua uwanjani. Saa tisa gari la ofisi lilikuja kuchukua masinia. Katika masinia mlikuwa na kitu cheupe, kinachong’aa juu, chenye punje ndogo chini, kinachotembea kila gari lilipotikisika.

Sikuwapo kwenye mapokezi. Waliokuwapo walisimulia kwamba mgeni alichota kwa vidole, kama alivyoelekezwa kuwa ndiyo adabu ya waungwana, akainua mkono, na halua ikashuka hadi ndani ya mkono wa abakosti yake. Alinyoosha mkono mbele kama mtu anayengoja kufungwa bandeji, mpaka wakaleta maji.

Kesho yake tuliitwa ofisini, mama mkubwa na mimi. Mlinzi wa sukari alikuwa amesimama karibu na dirisha, mikono nyuma. Komisera hakupiga kelele. Alikuwa na hoja, na hoja yake aliieleza kwa utulivu kama mwalimu.

“Sukari njo inagandisha. Kila mutu anajua, hata mtoto akimwaga chai ya sukari mezani, meza inanata. Hii haikuganda. Basi sukari haikuingia.”

Mama mkubwa alisema sukari iliingia, na iliingia mapema, na ndiyo maana. Komisera alimwuliza kama anasikia anachokisema: kwamba sukari ilikuwa nyingi hata halua ikashindwa kuganda? Watu wa ofisini walicheka. Akamgeukia mlinzi. Mlinzi akasema yeye alimimina mfuko aliopewa, na kama kabla ya hapo, wakati anakunywa maji, kuna mkono uliopita mfukoni, hilo hawezi kulijua. Alisema hivyo akitazama dirisha. Nadhani aliogopa. Lakini woga wake ulitafuta mahali pa kutua, ukatua juu ya mwanamke aliyempa kiti.

Kisha komisera akaniuliza mimi. Karani alikuwa na kalamu mkononi, anaandika proseverbali, kumbukumbu rasmi ya mahojiano.

“Na wewe, sitwayeni, ulikuwa unakoroga. Sukari yote iliingia?”

Kazi yangu ya depo ilihitaji kila mwaka karatasi ya mwenendo mwema iliyotoka katika ofisi ile ile. Nililijua hilo. Nilijua pia kwamba siwezi kueleza kwa nini halua haikuganda, na mtu asiyeweza kueleza hujiona hana haki ya kusema hata alichokiona.

“Mimi nilikuwa naangalia mwiko,” nilisema.

Karani akaandika.

Mama mkubwa hakufungwa, na watu walituambia tushukuru. Alihukumiwa kufagia uwanja wa ofisi kila Jumamosi ya salongo, ile kazi ya lazima ya mji mzima, kwa miezi mitatu, yeye peke yake mbele, wengine wakilima pembeni. Alikuwa amepita miaka sitini. Lakini ufagio haukumuumiza kama bomba la maji. Kwenye bomba wanawake walipomwona anakuja na ndoo walianza: “Funikeni sukari, mama anapita.” Walisema kwa kicheko, na baadhi yao walikuwa wamekula halua yake siku ya ndoa zao. Oda za harusi zikapungua, kisha zikaisha. Idi iliyofuata hakuweka sufuria jikoni. Aliitundika ukutani, chini juu, na kila nilipoingia kwake niliiona.

Mimi nilifanya nini? Nilitafuta sababu. Leo najua kwamba nilitafuta sababu ili nisitafute ujasiri, lakini wakati ule nilijiambia kwamba nikiipata sababu, kila kitu kitanyooka.

Karibu na stesheni kulikuwa na muuza karanga aliyefungia karanga zake katika kurasa za vitabu. Siku moja karatasi yangu ilikuwa na mchoro wa punje ya wanga. Nilirudi mbio nikanunua kitabu kilichobaki. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimekwenda na karanga, hata jina la kitabu sikulijua kamwe. Kilikuwa cha Kifaransa, cha kufundishia kemia ya vyakula, na nilikisoma kwa miezi, kamusi pembeni, sentensi moja mara nne.

Nilichokielewa ni hiki. Punje ya wanga ni furushi dogo la nyuzi ndefu zilizoshikana mikono. Katika maji baridi haziachani, ndiyo maana wanga unatulia chini ya beseni kama mchanga. Maji nayo yana mikono: kila chembe ya maji ina upande unaovuta na upande unaovutwa, na kwa pande hizo inaweza kushikana na chembe nyingine, au na kitu chochote chenye mikono ya namna hiyo. Mshiko mmoja ni dhaifu, joto kidogo linauvunja. Nguvu yake ni wingi. Moto ukipanda, nyuzi za wanga zinatikisika, zinaachana, na maji yanaingia katikati na kuzishika. Punje inavimba mara nyingi kuliko ilivyokuwa. Huo ndio uzito wa ghafla mkononi, na hapo weupe unaondoka. Halua ikipoa, nyuzi zinashikana tena hapa na pale, lakini sasa zimefunga maji katikati yake kama wavu uliofunga samaki. Maji hayajakauka, hayajaondoka. Yamekamatwa. Mgando si kitu kingine.

Na sukari? Sukari ina mikono mingi kuliko nilivyofikiri. Ikiingia kwanza inayashika maji yote yaliyo karibu, na wanga unakuta maji yamekwisha kuposwa. Unahitaji moto mkali zaidi, maji mengi zaidi, muda mrefu zaidi. Bila hivyo unabaki punje chini ya asali.

Nilipima. Nilichukua makopo matatu ya nyanya, yaliyo sawa. Katika la kwanza nilipika wanga na maji mpaka kioo, kisha sukari. Katika la pili vyote pamoja tangu mwanzo. Katika la tatu vyote pamoja, lakini kwa maji mara tatu na moto wa muda mrefu sana. La kwanza liliganda, nikaligeuza juu ya sahani likatoka zima. La pili lilimwagika. La tatu liliganda mwishoni, nikaelewa kwamba wapishi wanaotanguliza sukari hawakosei, mradi wanaupa wanga maji na saa za kutosha. Kwa hiyo kosa la siku ile halikuwa sukari peke yake. Lilikuwa sukari iliyotangulizwa kwa sababu ya kutoaminiana, maji yaliyokataliwa kwa sababu ya cheo, na muda uliokatwa kwa sababu ya ndege. Niliyaandika yote katika daftari. Nilirudia mara tatu, siku tofauti. Matokeo yalikuwa yale yale.

Nilibeba makopo na daftari hadi kwa mama mkubwa. Nilimweleza yote, mikono ya maji, nyuzi, wavu. Alisikiliza mpaka mwisho, akichambua mchele. Kisha akasema:

“Mwanangu, mimi nilimwambia yule kijana kwa mudomo wangu, wanga unywe kwanza. Hiki ulicholeta ni kile kile, umekivisha suruali.”

Nilimwambia sasa tuna ushahidi.

“Ushahidi ulikuwa nao siku ile,” alisema. “Hawakukuuliza kwa nini haikuganda. Walikuuliza kama sukari iliingia. Na wewe ulikuwa unaangalia mwiko.”

Hakuinua sauti. Aliendelea kuchambua mchele, akatoa jiwe moja, akaliweka kando.

Nilikwenda ofisi ya zone. Komisera alikuwa amehamishwa. Karani alikuwa yule yule. Nilimwomba proseverbali irekebishwe, nikafungua daftari langu. Alifunga daftari kwa kidole kimoja, bila hasira, akaniuliza nataka kurekebisha nini. Mlinzi alisema hawezi kujua kama kuna mkono uliopita mfukoni, mimi nilisema nilikuwa naangalia mwiko. Je, nilisema uongo? Sikuwa nimesema uongo. Nilikuwa kweli naangalia mwiko. Nilitoka pale na hasira, na nilipofika barabarani sikujua niielekeze wapi. Ofisi ile ilikuwa imemhukumu mwanamke kwa hoja ya chai iliyomwagika mezani. Lakini katika karatasi yao, sentensi pekee isiyokuwa na mtu mwingine wa kulaumiwa ilikuwa yangu.

Miezi michache baadaye mjukuu wake, binti aliyemlea mwenyewe, aliposwa. Ukoo wa bwana harusi ulitaka halua, kwa sababu akdi bila halua ni aibu, na walijua hakuna mwingine wa kuipika. Wakakubali apike yeye. Ila sukari wataleta wenyewe, na atakuja shangazi wa bwana harusi kukaa nayo.

Mama mkubwa aliishusha sufuria ukutani. Aliniita nikakoroge.

Shangazi yule alifika asubuhi na wanawake wawili wa ukoo wake, mfuko umefungwa kwa kamba mara mbili, akaupakata. Alikuwa mmoja wa wale wa bombani. Nilimwona mama mkubwa anautazama mfuko ule pajani, kisha anatazama wanga katika maji, na midomo yake ilitingisika kusema kanuni yake, lakini haikutoka. Sikuwahi kumwona akishindwa kuisema.

Niliuweka mwiko chini. Nilisema kwa sauti ambayo hata majirani wa upande wa pili wa uzio waliisikia.

“Sukari ya ofisi, yote iliingia. Nilikuwapo. Mimi njo nilikoroga. Yule kijana aliimimina yote kabla ya moto, mama mkubwa alimkataza mara mbili. Nilipoulizwa nilisema naangalia mwiko, sababu niliogopa karatasi ya kazi.”

Shangazi wa bwana harusi alinitazama kutoka juu hadi chini.

“Mwanaume muzima,” alisema. “Na tukamwimbia mama wa watu bombani mwaka mzima.”

Nilikubali. Akaniuliza kama nitayarudia maneno hayo bombani kwenyewe, na nikasema nitakwenda kesho asubuhi. Nilikwenda. Nilisimama na ndoo yangu kwenye mstari wa wanawake, nikayarudia neno kwa neno. Mmoja alicheka, na mwingine akaniambia kwamba miaka hii wanaume wanaleta maji nyumba ikiwa imekwisha kuungua.

Lakini siku ile uani, baada ya maneno yale, shangazi alifungua kamba ya mfuko. Hakuumimina. Alisogea na kigoda chake, akauweka mfuko wazi karibu na mkono wa kulia wa mama mkubwa, kisha akarudi nyuma, akakaa mbali.

Mama mkubwa hakuugusa bado. Aliwasha moto.

“Wanga unywe kwanza,” alisema.

Nikaokota mwiko, nikaupangusa vumbi, nikakoroga mpaka mkono ukahisi uzito.